Sura ya Sita: Kuchora kwa Mkono Njia ya Mandhari

Kila ninapotaja uchoraji wa ramani kwa mkono, swali la kwanza huwa lilelile: kwa nini mtu ahangaike na penseli na raba wakati simu ya mfukoni inajua kila barabara, tena inamwambia kwa sauti pa kukata kona?

Ni swali la haki, na sura hii haikuombi utupe simu. Jaribu tu kuiuliza mambo anayoyahitaji mtu aliyesafiri ili aone nchi nzuri. Iulize akae upande gani wa basi ili aone bonde. Iulize ukungu huondoka saa ngapi juu ya jabali. Iulize kama mama mwenye goti linalouma ataweza kufika pale na kurudi kabla ya magharibi. Itakuonyesha nukta nyekundu na idadi ya kilomita, basi.

Ramani ya njia ya mandhari ni ushauri wa mtu aliyekwisha kupita, umewekwa kwenye karatasi. Inamwambia mgeni apite hapa, asimame pale, atazame upande huu, na afanye hivyo saa fulani. Ushauri huo ndio kazi yenyewe. Mistari, alama na maandishi ni namna ya kuuandika, na anayeweza kuandika barua anaweza kujifunza.

Ili tusizungumze hewani, tutachukua njia moja halisi na kuichora tangu mwanzo: kutoka Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, kupanda milima ya Usambara Magharibi kupitia Soni na Lushoto, hadi Mtae ukingoni kabisa mwa milima. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami na kona, na ukifika Lushoto umepanda karibu mita 1,000. Uliyeacha joto la mkonge chini unajikuta unatafuta sweta. Njia yenye mabadiliko makubwa hivyo katika safari fupi inafaa sana kujifunzia.

Kwanza, ramani ya nani?

Fikiria watu watatu wanaoshuka stendi ya Lushoto siku moja. Wa kwanza ni mwanafunzi wa chuo mwenye siku moja na nauli ya kurudi. Wa pili ni baba na mama wenye gari dogo na watoto wawili wadogo. Wa tatu ni mgeni mwenye viatu vya mlima na begi mgongoni, anayetaka kutembea kwa miguu siku kadhaa hadi Mtae, akilala vijijini. Milima ni ileile, lakini huwezi kuwapa karatasi moja. Maporomoko ya Soni, kwa mfano, ni kituo chepesi kwa mwenye gari lake. Kwa aliyekuja na basi, kushuka Soni maana yake ni kutafuta gari jingine la kuendelea, kwa hiyo ramani yake lazima ionyeshe magari yanaposimama pale kwenye njia panda ya Bumbuli.

Kabla ya kugusa karatasi kubwa, andika sentensi moja na uibandike mbele yako. Yetu itakuwa hii: ramani ya vijana wanaosafiri kwa basi, wenye siku tatu, wanaotembea vizuri lakini hawapandi majabali. Kila unapojiuliza kama kitu kiingie au kisiingie, isome tena.

Njia uliyoipita na njia uliyosimuliwa

Kuna ramani moja ya kale ya nchi zetu ambayo kila mchoraji anapaswa kuijua, kwa uzuri wake na kwa kosa lake.

Mnamo mwaka 1854 mmisionari Mjerumani, Jakob Erhardt, alikaa Tanga kwa miezi kadhaa. Tanga ilikuwa moja ya bandari ambako misafara ya bara ilianzia, na Erhardt hakuwa na uwezo wa kwenda huko bara mwenyewe. Akafanya jambo la busara: akawauliza waliokwenda. Wafanyabiashara na wapagazi walimtajia vituo, mito, siku za kutembea kati ya kambi na kambi, na majina ya watu wa kila nchi. Akishirikiana na mwenzake Johannes Rebmann, yule aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, akaunganisha masimulizi hayo yote katika ramani moja. Ilipochapishwa Ulaya, katikati ya miaka ya 1850, ilizua gumzo kubwa, kwa sababu katikati ya Afrika ilionyesha ziwa moja la kutisha kwa ukubwa, limelala kwa kujipinda hata likafananishwa na koa.

Ziwa hilo halipo. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walitoka pwani kwenda kuangalia. Februari 1858 wakafika Tanganyika, na Agosti mwaka huohuo Speke, akiwa peke yake, akaona maji mengine kabisa upande wa kaskazini, ambayo leo tunayaita Ziwa Victoria. Mwaka 1859 David Livingstone akafika Nyasa. Maji ni matatu.

Mimi huwatetea waliosimulia. Aliyetoka Kilwa alisema njia yake inaishia kwenye maji makubwa, na ni kweli. Aliyefika Ujiji alisema hivyohivyo, na ni kweli. Aliyesikia habari za Ukerewe naye alisema kweli. Kosa liliingia katika nafasi iliyobaki kati ya njia na njia, ambako hakuna aliyepita. Nafasi hiyo ilijazwa kwa wino uleule, mstari uleule mzito, kana kwamba mtu alitembea ufuo mzima kwa miguu yake.

Kutokana na ramani ya Erhardt tunapata kanuni ninayoithamini kuliko nyingine zote katika sura hii. Njia uliyoipita mwenyewe ichore kwa mstari mzima. Njia uliyosimuliwa na mtu unayemwamini ichore kwa vidoti, na maana ya vidoti uieleze kwenye ufunguo, yaani kile kisanduku kinachofafanua alama za ramani. Usichokijua, acha peupe. Usambara imejaa njia za mkato zinazokata kona za barabara na kushuka mabondeni kati ya mashamba ya kabichi na viazi. Utaambiwa mara nyingi, "Kuna njia hapo, inatokea Lukozi." Inawezekana kabisa. Ibaki vidoti mpaka uitembee.

Namna ya kuuliza nayo ina ufundi wake. Sikiliza mazungumzo ya kawaida ya njiani:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, kutoka hapa hadi pale msikitini ng'ambo ni mbali?"

"Wala si mbali. Ni hapo tu, ukishuka ukapanda."

Mzee hadanganyi. Anaipita njia hiyo kila siku na jembe begani. Kwako wewe, "hapo tu" inaweza kuwa dakika arobaini za jasho. Badilisha swali: "Mtoto wa hapa anayesoma shule ya kule hutoka nyumbani saa ngapi?" Hapo utapata jibu lenye saa ndani yake, kwa sababu kengele ya shule ina muda wake na kila mzazi anaujua.

Daftari linaloanzia chini ya ukurasa

Wapima ardhi wana mazoea ambayo mtu akiyaona mara ya kwanza hushangaa: ukurasa wa daftari la kazini huandikwa kuanzia chini kwenda juu. Sababu ni rahisi. Ukiwa unatembea, kilicho mbele yako kinakaa juu ya ukurasa, kilicho kulia kinakaa kulia, na cha kushoto kushoto. Chora mistari miwili ya wima katikati ya ukurasa, iwe barabara yako. Ndani yake andika saa au kilomita. Nje yake, upande kwa upande, andika unachokiona.

Kwenye basi kutoka Mombo, ukurasa wa kwanza utajaa haraka. Chini kabisa andika "Mombo, njia panda ya barabara kuu" na saa ya kuondoka. Halafu kila kitu kinachokugusa: daraja, kona kali, mwamba unaoning'inia juu ya barabara, mahali bonde linapofunguka. Kwenye barabara ya mlimani bonde huhama upande gari linapovuka daraja, kwa hiyo kila linapohama weka mshale. Ukifika Soni utaweza kumwambia mgeni kwa uhakika akae upande gani wa basi, na kama kuna mahali anapaswa kugeuza shingo. Hiyo ni habari ya thamani kubwa kwa abiria ambaye hawezi kumwambia dereva asimame.

Daftari hili la wima lina ndugu maarufu. Mwaka 1675 John Ogilby alichapisha London kitabu cha ramani za barabara za Uingereza na Wales, kurasa 100 za ramani, kikiitwa *Britannia*. Hakuchora nchi nzima kwa pamoja. Alichukua kila barabara peke yake na kuichora kama utepe mrefu, akaukata vipande na kuvipanga sambamba kwenye ukurasa. Msomaji huanza chini ya utepe wa kushoto, hupanda hadi juu, kisha huhamia chini ya utepe unaofuata. Umbali ulipimwa kwa kusukuma gurudumu lililohesabu mizunguko. Kwa kuwa barabara hupinda na utepe haupindi, kila kipande kilipewa dira yake, ile alama inayoonyesha kaskazini iko wapi. Kilima cha kupanda alikichora kimesimama wima, na cha kushuka akakichora kichwa chini. Msafiri aliyejua hilo alijua mapema farasi wake angechoka wapi.

Kwa njia yetu utepe unafaa sana. Mombo hadi Mtae ni safari ya kwenda kaskazini kwa jumla, ingawa kipande cha kwanza kinakwenda upande wa mashariki kufuata Soni na kile cha Lushoto kinarudi magharibi kidogo. Weka Mombo chini ya karatasi na Mtae juu. Mgeni atasoma akipanda, kama anavyosafiri.

Kwa ufupi mpaka hapa:

- Sentensi moja inayosema ramani ni ya nani.
- Mstari mzima kwa ulikopita, vidoti kwa ulikosimuliwa, peupe kwa usikokujua.
- Daftari la kuanzia chini, kila upande ukae upande wake.

Kilomita au dakika?

Shuleni tulifundishwa kwamba ramani lazima iwe na skeli, yaani uwiano kati ya umbali kwenye karatasi na umbali wa kweli ardhini. Ramani ya ardhi haiwezi kuishi bila skeli. Ramani ya njia ya mandhari inaweza, kwa masharti. Kipande cha Mombo hadi Soni kina mambo mengi katika kilomita chache na kinahitaji nafasi. Kipande kirefu kinachopita kati ya nyumba na mashamba hakihitaji nafasi hiyo. Una ruhusa kamili ya kukuza cha kwanza na kubana cha pili, alimradi ufanye mambo mawili: andika wazi kwamba ramani haikuchorwa kwa skeli, na juu ya kila kipande andika muda wake.

Harry Beck alifanya jambo la aina hiyo kwa treni za chini ya ardhi za London. Mchoro wake wa mwaka 1931, uliochapishwa 1933, ulinyoosha njia zote na kusawazisha nafasi kati ya vituo, kwa sababu abiria aliye chini ya ardhi anataka kujua atabadilisha wapi treni. Lakini abiria wa Beck alikuwa amekaa. Wako anatembea kwa miguu yake, na ukimbania kilomita sita ziwe sentimita mbili bila kumwambia, atalipa kwa jasho. Ndiyo maana dakika haziachwi.

Dakika utazipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutembea na saa mkononi, kwa mwendo wa yule uliyemtaja kwenye sentensi yako, ambao huenda si mwendo wako. Ya pili ni kukadiria. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Tuseme kutoka Lushoto mjini hadi jabali la Irente ni kilomita 6, na njia imepanda jumla ya mita 150. Kilomita 6 ni saa moja na dakika 12. Mita 150 ni robo ya 600, kwa hiyo ongeza dakika 15. Jumla ni kama saa moja na nusu. Kanuni hii haihesabu kupumzika, kupiga picha wala kununua matunda damu njiani. Kukiwa na watoto, mimi huzidisha kwa moja na nusu na sijaona anayelalamika.

Ukitaka kupima umbali bila simu, jua hatua zako. Nenda uwanja wenye njia ya kukimbilia, zunguka mara moja kwa mwendo wa kawaida kwenye njia ya ndani kabisa, ambayo ni mita 400, ukihesabu kila mara mguu wa kulia unapokanyaga. Aliyepata 250 anajua kwamba kila mkanyago wa mguu wake wa kulia ni mita 1.6. Kwenye mwinuko hatua hufupika, kwa hiyo pima pia kipande cha mlima unachokijua.

Alama inayofunguka kama upepeo

Sasa tufike kwenye kiini. Unaonyeshaje kwamba mahali fulani pana mandhari?

Wengi huchora picha ndogo ya kamera au nyota. Nyota inasema "ni pazuri" na inanyamaza. Chora nukta pale mtu anaposimama, kisha toa vistari vifupi vikielekea kule anakotazama, vikifunguka kama upepeo. Upande usioonekana kitu uache bila kistari. Alama hii ndogo inabeba habari tatu: pa kusimama, pa kutazama, na upana wa kinachoonekana.

Irente inafaa kuwa mfano. Nukta iko ukingoni mwa jabali. Vistari vyote vinakwenda magharibi, kwa sababu mlima unakatika ghafla na chini yake ni Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu na reli, na baada ya hapo nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Mashariki hakuna kistari hata kimoja, kwani nyuma yako ni mlima. Mgeni akiiona alama hiyo tu, tayari anajua jambo kubwa: jua la jioni litakuwa mbele yake. Akifika saa kumi na moja na nusu jioni ataona jua likishuka juu ya nyika, na wenzake aliowapanga ukingoni watatoka weusi kwenye picha. Akifika asubuhi, jua liko mgongoni mwake na sura zitaonekana vizuri, lakini kivuli cha mlima bado kimelala juu ya Mazinde, na katika miezi ya baridi, Juni na Julai, ukungu unaweza kuwa umefunika kila kitu. Kwa hiyo kando ya upepeo andika saa. Kwa Irente mimi ningeandika mbili: "saa 3–5 asubuhi kwa picha za watu, saa 11 na nusu jioni kwa machweo". Na kwa kuwa njia ya kurudi Lushoto ni ndefu gizani, ningeongeza: "machweo, njoo na usafiri".

Mtae ni tofauti. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima na upepeo wake unafunguka sana: magharibi kuna milima ya Upare, kaskazini kuna uwanda wa Mkomazi, na hewa ikiwa safi Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Hapa usichore upepeo mmoja mkubwa. Chora miwili, kila mmoja mahali pake, ili mgeni ajue kwamba atahitaji kuhama.

Usahihi wa upepeo unategemea kujua kaskazini, na hapa kuna tahadhari kwetu tunaoishi karibu na ikweta. Vitabu vya Ulaya hufundisha kwamba jua la adhuhuri liko kusini. Usambara iko chini kidogo ya nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu, na miezi inayobaki liko kusini. Zaidi ya hayo, jua la Juni huchomoza kaskazini ya mashariki kamili kwa nyuzi 23 hivi, na la Desemba kusini yake kwa kiasi hichohicho. Ukichora Irente mwezi Juni, machweo yatakuwa yamesogea kulia kwenye upepeo wako. Weka alama mbili ndogo za jua, moja ya Juni na moja ya Desemba, na ramani yako itafaa mwaka mzima.

Kuna pia ruhusa ya kuchanganya ramani na picha. Alfred Wainwright, mweka hazina wa mji wa Kendal huko Uingereza, alitumia muda wake wa ziada kutembea milima ya Lake District, mara nyingi akifika kwa basi, na kati ya mwaka 1955 na 1966 vikatoka vitabu vyake saba vya mwongozo, vilima 214, kila neno na kila mstari kwa kalamu yake mwenyewe. Katika michoro yake ya njia za kupandia, chini ya ukurasa unaona ramani ya kawaida, njia na ukuta na kijito. Kadiri jicho linavyopanda, mchoro unageuka taratibu kuwa picha ya mlima unavyoonekana na aliyesimama chini yake. Unaweza kufanya hivyo kwa Soni: barabara na njia panda zikae kama ramani, maporomoko yenyewe yachorwe kama yanavyoonekana, maji yakiangukia miambani. Mgeni akiyaona atajua amefika.

Kinachoachwa nje

Huu ndio wakati unaoumiza. Karibu na Soni kuna Vuga, makao ya kale ya watawala Wakilindi, ambao mfalme wao Kimweri alimpokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1848. Ni historia kubwa na mchoraji hutamani kuiingiza. Lakini iko pembeni ya njia yetu na inahitaji nusu siku yake. Weka mshale pembezoni wenye jina "Vuga" na uiachie ramani nyingine. Ramani iliyobeba kila kitu humchosha msomaji kabla hajafunga viatu.

Kuna vingine vya kuacha kwa heshima. Chemchemi ambayo kijiji kinachota maji ya kunywa isitangazwe kwa wageni. Msitu wa matambiko usichorwe bila ridhaa ya wenyewe. Njia inayopita uani kwa mtu, hata kama ina mandhari ya ajabu, ni uani kwa mtu. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na rasimu yako mkononi, mwonyeshe, mwulize. Mara nyingi atafuta kimoja na kukuongezea viwili usivyovijua.

Upande wa pili kuna vitu visivyo vizuri kwa macho lakini ni vya lazima:

- Mahali magari yanaposimama, na saa ya gari la mwisho la kurudi.
- Choo, maana si kila mtu yuko tayari kuchimba dawa porini.
- Maji ya kunywa na chakula. Kwenye njia ya Irente lipo shamba la Irente, wanakouza mkate, jibini na jemu.
- Lango la hifadhi. Msitu wa Magamba, wenye mbega weusi kwa weupe, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na huingii bila kiingilio.
- Ukingo usio na uzio. Andika neno "GENGE" kwa herufi kubwa, usitegemee alama.

Majina yaandike kama wenyeji wanavyoyatamka, na umwombe mwenyeji akuandikie kwa mkono wake pale unapokuwa na shaka.

Karatasi, wino na kopi

Huhitaji vifaa vya gharama. Nunua karatasi ya A3, penseli ya HB, raba laini, rula, na kalamu mbili za wino mweusi, moja nyembamba na moja nene. Chora kila kitu kwa penseli kwanza, kaa nacho hata siku mbili, kisha ndipo upitishe wino. Anza na maandishi, halafu njia, halafu mito na milima. Ukianza na milima, utakosa pa kuandika majina.

Chora kwenye A3 hata kama utagawa A4. Duka la steshenari likipunguza kutoka A3 kwenda A4, kila urefu unabaki asilimia 71, na mitetemo ya mkono hupungua pamoja nao. Lakini herufi nazo hupungua: ya milimita 4 inakuwa chini ya milimita 3. Usiandike kitu chochote kidogo zaidi ya hapo. Wino mweusi hutoka vizuri kwenye kopi, kalamu ya bluu hufifia, na penseli karibu hupotea. Rangi usiitegemee itofautishe barabara na njia ya miguu, kwa sababu kopi nyingi zitakuwa nyeusi na nyeupe. Tofautisha kwa unene na kwa vidoti.

Mpe mtu asiyeijua njia

Kabla ya kutoa kopi hamsini, toa moja. Mpe mtu anayelingana na ile sentensi yako ya mwanzo, asiyewahi kupanda Usambara, na ufuatane naye. Sharti ni moja: usiseme kitu. Asikuulize, na wewe usimwonyeshe kwa kidole wala kwa macho. Beba kopi nyingine na penseli, na weka msalaba kila anaposimama kuigeuza karatasi, kila anapotazama nyuma, kila anapomwuliza mpita njia. Akipotea kabisa, mwache apotee dakika tano, mradi si karibu na genge.

Jioni, mkiwa mmekaa na chai, muulize maswali mawili tu. Ni wapi alidhani amefika kabla hajafika? Na ni kitu gani alikiona njiani ambacho angependa kingekuwa kwenye karatasi? Majibu ya swali la kwanza hurekebisha dakika zako. Ya pili hukuletea kitu kama mti mkubwa kwenye kona au duka la rangi ya bluu, alama ambazo mwenyeji hazioni tena kwa kuzizoea.

Misalaba ikikusanyika mahali pamoja, chora kipande hicho upya kwa ukubwa zaidi, katika kisanduku pembeni mwa ramani. Njia panda za Magamba, ambako barabara hugawanyika, huenda zikahitaji kisanduku cha namna hiyo. Kisha andika pembeni chini mwezi na mwaka ulioipita njia. Barabara ya Lushoto hupata maporomoko ya udongo mvua zikizidi, na njia za miguu huhamishwa na mashamba, kwa hiyo pangia safari baada ya kila masika, upite tena na daftari lako, urekebishe kopi mama, na ubadilishe tarehe.